Mzee akianza kusahau, anzeni na presha na masikio

Mwezi wa 9 kila mwaka dunia inahamasisha kuhusu Alzheimer's, ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau, na sisi wa afya ya akili huku Mtwara tunautumia kuongea na familia maana kesi zimezidi. Mzee anapotea njia akitoka msikitini, anauliza jambo lile lile kila saa, anadai kaibiwa hela kumbe kaziweka mwenyewe chini ya godoro. Na swali la kwanza huwa hilo hilo, dokta hakuna sindano?

Jamani, dimenshia, yaani kumbukumbu na akili kushuka kwa sababu ya magonjwa ya ubongo kama huo Alzheimer's, mpaka leo haina dawa ya kuiponya. Vidonge vilivyopo vinapunguza dalili tu, tena si kwa wote. Ila mengi yanawezekana bila sindano: mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilisema karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuilika, yakiwemo presha, sukari, sigara, pombe nyingi, upweke, kutosikia na kutoona vizuri. Presha hiyo inaanza kuharibu tangu una miaka 40 na kitu, kwahiyo wewe uliyemleta mama, kaa hapo hapo upimwe na wewe, na ng'onda wa chumvi mpunguze.

Masikio ndo yanadharauliwa kuliko vyote. Mzee anasemeshwa hiki anajibu kile, nyumba nzima inasema akili imeruka, kumbe masikio yamejaa nta na nesi akiyasafisha anaongea vizuri tu. Asiposikia anaacha maongezi, anajikalia uani peke yake, akili inazidi kushuka. Na msichokonoe na njiti!

Halafu hii tabia ya kumpumzisha mzee kwa nguvu. Bibi kabangua korosho maisha yake yote, kaanza kusahau mnamnyang'anya. Mwacheni. Jina la mjukuu linaweza kumtoka lakini mikono bado inajua kugonga ganda bila kuvunja punje, anatenga nzima huku na vipande kule, anapiga stori na jirani. Kwenye kukaanga tu ndo msimwache peke yake na moto. Babu naye aende kwenye bao, atembee asubuhi. Kule Hai, Kilimanjaro, walijaribu vikundi vya wazee wenye dimenshia, wanakutana mara 14 kwa wiki 7, wanaongea, wanaimba, wanakumbushana ya zamani, na uwezo wao wa akili ukapanda.

Suala la kuwaita wazee hawa wachawi niliseme wazi, linanichosha. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na unaweza kufungwa. Bibi anayezurura usiku uchi ni mgonjwa, mleteni.

Kuhusu gharama: mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bure. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji anathibitisha umri na hali yake, ustawi wa jamii wanahakiki, ndo apate kitambulisho. Hospitalini ulizeni dirisha la wazee, na dawa zote anazokunywa mje nazo, pamoja na za kienyeji.

Ila kama jana alikuwa mzima na leo ghafla hajui alipo, msisubiri barua wala kitambulisho. Hiyo inaweza kuwa malaria, UTI, sukari kushuka au kiharusi. Mleteni siku hiyo hiyo.