Unga wa kushusha potasiamu na usalama wa utumbo

Mgonjwa wa figo au ndugu anayemuuguza anaweza kuamini kwamba unga wa sodiamu polistirini salfoneti, unaoshusha potasiamu, hauwezi kudhuru kwa kuwa hauingii kwenye damu. Ni kweli hauingii. Hufanya kazi utumboni: huachia sodiamu, hunasa potasiamu, kisha hutoka na choo. Lakini humo humo, mara chache, huleta vidonda, kutokwa damu, hata sehemu ya utumbo kufa, hasa ukichanganywa na sobitoli (aina ya sukari inayolainisha choo) au mtu akiwa na choo kigumu.

Soma tahadhari kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, au mwombe mfamasia akusomee. Tumbo likiuma sana au ukiona damu chooni, wahi hospitali. Tafadhali usiiache dawa kimyakimya. Potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo.