Kwa nini miche ya nyanya inabaniwa maji kabla ya kuingia grinihausi?

Je, wajua kwamba ile wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha miche ya nyanya, mkulima anayejua kazi yake anaanza kuibania maji makusudi? Ukipita saa saba mchana ukaikuta imelegea kwenye trei unaweza kudhani mwenyewe kasafiri, kumbe yupo, kakaa pembeni anaiangalia.

Mimi mara ya kwanza nilifanya kinyume chake. Trei nilizipanga chini ya mwembe huku Kisesa, Mwanza, namwagilia asubuhi na jioni, miche ikawa mirefu, laini, kijani cha kupendeza, siku ya 25 nikaibeba nikaipanda grinihausi saa nne asubuhi, kufika saa tisa karibu yote imelala kama imemwagiwa maji ya moto. Iliniuma sana maana mbegu yenyewe ilikuwa ile chotara ya kununua kwa punje. Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyelima nyanya miaka mingi, akaja akachukua jani moja akalisugua kwa vidole, akasema, "Mwanangu, hii umeidekeza."

Na ndivyo ilivyo kabisa. Jani lililokulia kivulini na maji ya kutosha lina ngozi nyembamba, ile nta ya juu inayozuia maji yasipotee haijawa nene, afu vile vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa vimezoea kukaa wazi tu kwa sababu maji hayajawahi kukosekana. Sasa ukiutoa mche kama huo kwenye trei, vimizizi vingi vyembamba vinakatika, maana yake huku chini maji yanayoingia yamepungua na kule juu yanatoka kama jana, lazima ulale.

Halafu kuna wanaodhani grinihausi ni kivuli. Jamani sio kivuli! Nailoni inapitisha jua na joto linabaki ndani. Mwanza tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, nje mchana ni nyuzi 28 hivi na upepo wa ziwani unatupoza, ila ingia ndani ya grinihausi iliyofungwa pembeni saa nane mchana uone, unatoka shati limelowa, na mche uliotoka chini ya mwembe ndio unaletwa hapo.

Ukiubania maji kidogo kidogo, mche unapunguza kurefuka, sukari inabaki kwenye shina na mizizi, nta inaongezeka, vitundu vinajifunza kujifunga mapema jua likiwa kali. Utaona shina linakuwa gumu na linapata kama uzambarau fulani hivi. Fanya hivyo siku 7 mpaka 10, anza kwa kuiweka juani asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu tu halafu unaongeza kila siku, na iache ipigwe na upepo maana kule kutikisika kunafanya shina linenepe badala ya kukimbilia juu. Kipimo changu ni hiki: mchana ikilegea na jioni ikasimama yenyewe, uko sawa, ila ukiamka asubuhi bado imelala umezidisha, mwagilia haraka, maana mche ulioteswa sana unadumaa na kuuamsha ni kazi. Faida nyingine, udongo wa juu ukikauka kidogo kinyausi hakipati nafasi, ule ugonjwa wa shina kusinyaa usawa wa udongo kama limefungwa uzi.

Siku ya kuhamisha sasa hapana kubania, mwagilia vizuri saa mbili tatu kabla ili udongo ushikane na mizizi, panda kuanzia saa kumi na moja jioni mche upate usiku mzima wa kujipanga.

Na uzike shina, usiogope. Nyanya sio kama mimea mingine mingi, ukiangalia shina lake kwa karibu utaona vipele vidogo, hivyo vikigusa udongo wenye unyevu vinatoa mizizi, kwa hiyo toa majani ya chini, fukia mpaka karibu na majani halisi ya kwanza, yaani yale yanayofuata baada ya vijani viwili vya mwanzo vya mbegu. Ila kama miche yako ni ya kubebeshwa, ile iliyounganishwa na shina lingine linalostahimili mnyauko wa bakteria, USIFUKIE pale ilipoungwa, kwa sababu shina la juu litatoa mizizi yake lenyewe, ugonjwa utaingilia hapo na hela ya kubebesha imekwenda.

Baada ya siku kumi chimbua mmoja taratibu uangalie, ile sehemu iliyokuwa shina tupu utaikuta imeota vimizizi vyeupe pande zote.