Upepo wa baharini: kelele ziko kwa nyangumi, shida iko kwenye waya

Video ya nyangumi aliyekufa ufukweni Marekani ikianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maelezo chini yake huwa yaleyale: mitambo ya upepo imemuua. Kisha anatokea wa kujibu kwamba hizo ni propaganda za kampuni za mafuta, na mjadala unaishia hapo. Wote wawili wanaliruka jambo moja. Mashamba ya upepo baharini, yaani makundi ya mitambo inayozalisha umeme kwa nguvu ya upepo, yana shida za kweli, ila nyingi haziko pale zinapopigiwa kelele.

"Mitambo inaua nyangumi"

Vifo vya nyangumi wenye nundu kwenye pwani ya mashariki ya Marekani vilianza kuongezeka Januari 2016. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa na shamba moja tu la upepo baharini, Block Island, lenye mitambo mitano, nalo lilianza kuuza umeme Desemba. NOAA, idara ya serikali inayofuatilia mizoga hiyo, imeeleza kuwa takriban 4 kati ya kila 10 waliochunguzwa walikuwa na dalili za kugongwa na meli au kunaswa kwenye zana za uvuvi. Kifo kilichotokana na mitambo ya upepo haijakipata.

Hata hivyo, anayesema kazi ya kujenga mashamba haya haina kelele naye anadanganya. Nguzo ya chuma yenye kipenyo cha mita 8 hupigiliwa kwenye sakafu ya bahari kwa nyundo ya haidroliki, maelfu ya mapigo, na pomboo wadogo wa Bahari ya Kaskazini hukimbia kilomita nyingi. Ndiyo maana Ujerumani imeweka kikomo cha kelele cha desibeli 160, ukipima umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Ili kikomo hicho kisivukwe, wajenzi hulaza bomba lenye matundu chini kabisa, kuizunguka nguzo yote. Meli husukuma hewa ndani ya bomba, mapovu yakapanda hadi juu, na sauti ikipita katikati ya pazia hilo hudhoofika sana. Wajenzi wa shamba la Vineyard Wind, kusini mwa Massachusetts, Marekani, walikatazwa kabisa kupigilia nguzo kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, kwa ajili ya aina ya nyangumi ambayo imebaki na wanyama wasiofika 400.

"Na ndege wote wataisha"

Uchunguzi wa miaka miwili kwenye ghuba ya Aberdeen, Uskoti, kwa kamera na rada, haukurekodi ndege hata mmoja aliyegonga panga la mtambo, yaani bawa lake linalozunguka. Shamba moja si bahari yote, lakini ni jibu tosha kwa wanaodai mapanga yanasaga ndege kama mashine. Madhara yaliyo dhahiri zaidi hayana damu: kuna ndege wapiga mbizi wa Bahari ya Kaskazini ambao hulikwepa shamba kwa kilomita kadhaa, wakapoteza eneo la kutafutia chakula. Hilo halipigiki picha, na kwa hiyo halisambazwi.

"Wavuvi wanafukuzwa" na "samaki wataongezeka"

Madai haya mawili hutolewa na pande zinazopingana, na kila moja lina nusu ya ukweli. Sheria zinatofautiana. Ubelgiji na Ujerumani zimezuia uvuvi ndani ya mashamba, Uingereza inauruhusu mara ujenzi ukiisha. Lakini ruhusa ya kwenye karatasi haivuti nyavu. Nahodha wa meli ya kukokota anajua kwamba kati ya nguzo na nguzo umelala waya wa umeme. Kwa kawaida huzikwa mita moja au mbili chini, ila mkondo unaweza kuufukua mchanga, na wavu ukinasa kwenye waya huo, kinachofuata ni hasara, mawakili na bima. Wengi hupita mbali. Anayetega madema ya kamba koche na kaa ana nafuu zaidi, maana dema huteremshwa na kupandishwa palepale.

Kuhusu samaki, ni kweli nguzo na mawe yaliyomwagwa kuzunguka mguu wake hujaa kome, kisha kaa, kisha samaki wa kuwala. Swali ambalo wanasayansi bado wanabishania ni kama samaki hao wameongezeka, au wamehamia tu kutoka jirani. Kwa mvuvi wa jirani, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

"Upepo ni bure, kwa hiyo umeme utakuwa wa bei rahisi"

Upepo ni bure, lakini meli ya kusimamishia mtambo si bure. Kituo cha gesi hulipia mafuta yake kidogo kidogo kila siku, ilhali shamba la baharini hulipia karibu kila kitu kabla ya kuuza yuniti ya kwanza, tena kwa mkopo. Riba ikipanda, hesabu yote inavurugika. Septemba 2023 serikali ya Uingereza ilipotangaza matokeo ya mnada wake, ambamo kampuni hushindania mikataba ya kuuza umeme kwa bei maalumu, hakuna hata kampuni moja iliyokuwa imeleta zabuni ya upepo wa baharini, kwa sababu bei ya juu iliyowekwa haikulipa. Bei ikapandishwa, na mwaka uliofuata wakarudi. Oktoba 2023 kampuni ya Ørsted ya Denmark iliachana na miradi yake miwili ya New Jersey. Desemba 2024 Denmark yenyewe, mama wa teknolojia hii, ilifunga mnada wa megawati 3,000 bila kupata mwombaji.

"Upepo ukitulia, nchi inaingia gizani"

Mtambo huanza kuzalisha upepo ukifika takriban mita 3 au 4 kwa sekunde, na hujizima ukizidi karibu 25. Kwa mwaka, mashamba ya baharini ya Uingereza hutoa wastani wa takriban asilimia 40 ya uwezo wao. Kwa hiyo anayenunua megawati 1,000 asidhani atazipata kila saa. Giza haliingii kwa sababu gesi na nyaya za kutoka nchi jirani huziba pengo, lakini kuziba huko kuna bei. Ujerumani iliionja Desemba 2024, wiki ya baridi isiyo na upepo wala jua, bei ya umeme sokoni ikaruka vibaya.

"Mtambo ukishasimama, kazi imekwisha"

Hapa ndipo ningetaka watu wabishane zaidi. Riffgat, karibu na kisiwa cha Borkum, Ujerumani, lilikuwa na mitambo 30 tayari mwaka 2013. Waya wa kwenda nchi kavu haukuwa tayari: njia yake ilipita kwenye mabomu na risasi za Vita vya Pili vya Dunia, na kila kimoja ilibidi kiondolewe kwanza. Kwa miezi kadhaa mitambo ya upepo iliwashiwa jenereta za dizeli, isije ikaharibika kwa unyevu na chumvi. Umeme ulianza kwenda Februari 2014.

Wakenya hawahitaji kuelezwa. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, huko Marsabit, ilikamilika 2017, laini ya kwenda Suswa yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 ikaja 2018, na katikati hapo yakadaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Hiyo ilikuwa nchi kavu, ambako nguzo inafikiwa kwa lori. Baharini fundi husubiri wimbi lishuke, na waya ukikatika huitwa meli maalumu ambayo huenda ina kazi kwingine.

"Yakizeeka yataachwa yaoze"

Vindeby, shamba la kwanza la baharini duniani, lilijengwa Denmark mwaka 1991 likiwa na mitambo 11 na kung'olewa lote mwaka 2017. Mapanga yalishushwa kwa kreni, misingi ya zege ikabomolewa na kubebwa. Uingereza humtaka mwenye shamba awe na mpango wa kuliondoa, na inaweza kumdai dhamana ya fedha. Mapanga ya nyuzi za glasi bado ni magumu kuyarejeleza, hilo halina ubishi. Nguzo kubwa za siku hizi nazo kwa kawaida hukatwa chini kidogo ya sakafu ya bahari, kipande cha chini kikabaki. Na sasa baadhi ya wanabiolojia wanauliza kama kipande cha juu, kilichojaa kome kwa miaka 25, kiondolewe kweli. Wavuvi wa nyavu za kukokota hawataki kusikia swali hilo.