Kuvuta tela zito: yanayosemwa na ukweli wake

Jamani nyie mnaovuta maboti ya faiba kupandisha kwa fundi au kuyarudisha pwani, hebu tuambiane ukweli, maana kuna maneno yanazunguka mitaani kuhusu boli, lile tufe la chuma nyuma ya gari linaloshika tela, na minyororo ya akiba inayofunga tela na gari, na mengine yataua mtu.

Wanasema: boli ndo linalofanya kazi, mnyororo ni wa kumridhisha trafiki tu.

Hapana. Kichwa cha tela, kile kinachokaa juu ya boli, kikichomoka kilichobaki ni mnyororo peke yake, na hapo haushiki tela lililotulia, unapokea mtikisiko wa tani mbili zinazokimbia. Kiwango cha Marekani cha SAE J684 kinataka kila mnyororo, sio yote miwili kwa pamoja, usikatike chini ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Kwahiyo ile kamba ya nanga mnayozungusha mara tatu badala ya mnyororo haihesabiki, ikigusa lami inalika mara moja.

Na sio unene tu, gredi pia, yaani daraja la ugumu wa chuma chake. Mnyororo wa inchi 3/8 gredi 30 mzigo wake wa kazi, yaani unaoruhusiwa kuubeba na sio wa kuukata, ni kama kilo 1,200, unene huohuo gredi 70 unafika kilo 3,000 hivi. Namba hupigwa kwenye pete, ukikosa namba usiuamini kwa tela zito. Halafu kwetu huku tela linaingia maji ya chumvi kila siku, usiangalie kutu ya juu tu, legeza mnyororo uchungulie pale pete mbili zinaposuguana, ndo utakuta imelika imebaki nyembamba na nje inaonekana nzima kabisa. Na fundi asikuchomelee pete ya gredi 70, moto unaua ugumu wa chuma chake.

Wengine wanaifunga minyororo imenyooka, kulia kwa kulia. Ipishanishe chini ya shingo ya tela, kile chuma kirefu cha mbele, shingo ikianguka inadakwa na minyororo badala ya kuchimba barabara. Iache ilegee kiasi cha kukata kona tu, isiburuze chini, na ifungwe kwenye chesisi au chuma cha kuvutia chenyewe, sio bampa.

"Boli ni boli, likiingia linafaa." Hili ndo linaniudhi zaidi. Yapo ya inchi 1 7/8, yapo ya milimita 50, yapo ya inchi 2, na la inchi 1 7/8 linaingia vizuri tu kwenye kichwa cha inchi 2 na lokki inafunga, unaondoka umeridhika, kwenye tuta la kwanza kichwa kimeruka! Saizi mara nyingi imeandikwa juu ya boli, isome. Ukishafunga weka jeki chini ya shingo upandishe, nyuma ya gari ikinyanyuka pamoja nayo basi imeshika.

Kuna na hii ya kwamba shingo ikiwa nyepesi gari inapumua. Kwa tela zito kama haya Wamarekani hulenga asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote ikae kwenye boli, yaani tani 2 ni kilo 200 hadi 300. Boti mashine yake iko nyuma, kwahiyo mzigo unavutia nyuma na tela linaanza kuyumba ukishika spidi, isogeze boti mbele kidogo.

Na kwa wenzetu wa Pemba, ile miteremko ya Mkoani kuja Chake, chuma kinene hakikupi breki. Tela la tani mbili lisilo na breki zake linaisukuma pikapu, teremka na gia ndogo tokea juu kabisa, usingoje katikati ya mteremko.