Maiki ya tenisi ya wanawake si maiki ya harusi: dhana potofu na ukweli

Kijana mmoja anayesherehesha harusi kwenye kumbi za Njiro alinifuata wiki chache zilizopita. "Kaka, nimeangalia tenisi ya kina dada kwenye TV," akaniambia. "Yule anayetangaza pale uwanjani kazi yake ndogo sana. Ile naiweza." Nilifurahi kwamba ameitamani kazi hiyo. Ila katika mazungumzo yale mafupi alitaja karibu kila kosa ambalo wengi wetu hapa Arusha tumelibeba kuhusu mtangazaji wa uwanjani, na mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe. Nashika maiki kwenye mashindano ya klabu na ya shule hapa mjini, na tenisi ya wanawake ya kulipwa naifuatilia kwa mapenzi. Basi nayaweka hapa niliyomjibu, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye maswali hayo.

"Ni kama kutangaza mpira redioni"

Redioni mtangazaji ndiye macho ya msikilizaji. Akinyamaza, mechi imepotea. Uwanjani kila aliyekata tiketi anaona mwenyewe, kwa hiyo mpira ukiwa unachezwa mtangazaji hana la kusema na maiki yake imezimwa. Hata matokeo si yake kuyataja. Anayesema 15, 30, 40 ni mwamuzi aliyekaa kwenye kiti kirefu pembeni ya wavu, na ndiye pia anayeomba watu watulie. Anayetangaza kwamba mpira umetoka nje ni mwamuzi wa mstari au, siku hizi, mashine yenye sauti iliyorekodiwa. Australian Open, mashindano makubwa ya Australia, iliwaondoa waamuzi wa mstari 2021, Wimbledon ya Uingereza ikafuata 2025.

Mtangazaji anabaki na nini? Anabaki na pembezoni mwa mchezo, na pembezoni hizo ni nyembamba. Mchezaji ana sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na hizo ni zake za kupumua na kufikiri. Wanapobadilishana upande wana sekunde 90, lakini baada ya gemu ya kwanza ya kila seti (pointi huunda gemu, gemu huunda seti) hawaketi kabisa, wanapita tu. Na hizo 90 usizihesabu zote: ikifika sekunde ya 60 mwamuzi anaita muda, wachezaji wananyanyuka. Ukiondoa muziki na tangazo la mdhamini, unaweza kubakiwa na sentensi mbili. Seti ikiisha unapata sekunde 120, na hapo ndipo pa kupumulia.

Sentensi mbili zinatosha kama umejiandaa. Tuseme mashindano yanafanyika hapa Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Unaweza kuwaambia watazamaji kwamba hewa ya hapa ni nyepesi na mpira huruka kwa kasi zaidi, ndiyo maana kanuni za tenisi zina mipira maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Mtu wa Kijenge aliyekuja kwa mara ya kwanza anaondoka akijua kitu kuhusu mji wake mwenyewe. Kelele za "Arusha mpoooo?" hazimpi hicho.

"Majina si unasoma tu yalivyoandikwa?"

Hapa ndipo nilipomketisha yule kijana, kwa sababu kwangu mimi hii ndiyo kazi yenyewe.

Watu wa Kaskazini tunajua uchungu wake. Nani hajawahi kumsikia mgeni akimwita Mushi "Mashi", au akifika kwenye Mmari akaimeza ile m ya kwanza? Jina likivunjwa mbele ya watu, mwenye jina hutabasamu kwa adabu, lakini moyoni amejua kwamba hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Sasa mfikirie binti aliyesafiri nchi tano ndani ya mwezi mmoja, anasubiri kwenye njia ya kuingilia uwanjani, na jambo la kwanza analosikia ni jina lisilokuwa lake.

Iga Świątek wa Poland hasomeki "Swiatek". Ile herufi yenye mkia inabeba sauti ya n, na mwanzo wake una sh, kwa hiyo kwa masikio yetu linakaribia "Shfiontek". Coco Gauff wa Marekani si "Gaufu". Litamke kama tunavyotamka gofu, mchezo ule wa vijiti, ukiikata ile u ya mwisho. Zheng Qinwen, Mchina aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Paris 2024, ni "Jeng Chinwen", na kwao jina la ukoo hutangulia ingawa kwenye orodha nyingi za mashindano utaliona limewekwa nyuma. Ons Jabeur wa Tunisia, aliyecheza fainali za Wimbledon 2022 na 2023, jina lake la ukoo kwa Kiarabu ni lile lile Jabir tulilolizoea Pwani, ila tahajia ya Kifaransa imelivisha nguo nyingine. Ukijua hilo, tayari una pa kuanzia unapokwenda kumuuliza mwenyewe anapenda liitwe vipi.

Maana kuuliza ndiyo njia. WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, huwa na mwongozo wa matamshi, na mtangazaji makini huanza nao. Kisha humtafuta mchezaji au kocha wake kabla ya siku ya mechi, humsikiliza, huandika kwa herufi anazozielewa mwenyewe, hurudia mpaka ulimi uzoee. Hasubiri mlangoni dakika mbili kabla ya kuingia, wakati mchezaji kichwa chake kipo kwenye mechi.

Maelezo yanayofuata jina nayo yanachakaa haraka. Viwango vya ubora hutoka Jumatatu, kwa hiyo karatasi ya wiki iliyopita inaweza kukudanganya. Świątek ukimtaja kwa mataji yake ya Roland Garros, mashindano ya Ufaransa, ya 2020, 2022, 2023 na 2024 ukaisahau Wimbledon ya 2025, umempunguzia. Angella Okutoyi, jirani yetu wa Kenya, alitwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili 2022 pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, taji la kwanza la vijana kwa Mkenya kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Akiingia uwanjani popote Afrika Mashariki, hilo lisemwe, na lisemwe sawasawa.

"Kina dada lazima uwasifie kidogo"

Alisema hivi kwa nia njema, na kwenye harusi angekuwa sahihi. Bibi harusi anapoingia tunamwita mrembo, malkia, ua la ukumbi, na ndugu wanapiga vigelegele. Mimi mwenyewe niliwahi kumtambulisha msichana kwenye mashindano ya klabu kwa maneno "mrembo wetu". Alishinda, akaja kunishukuru kwa heshima, kisha akaniuliza, "Kaka, mbona yule mwenzangu wa kiume ulimtaja kwa sevu yake?" Yaani kwa mpigo wake wa kuanzisha pointi. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikiandika utambulisho wa mwanamke najiuliza kama sentensi hiyo hiyo ningeisoma kwa mwanamume. Kama nisingeisoma, naifuta.

Wala si sisi tu tuliopitia hapo. Wimbledon waamuzi walikuwa wakitaja matokeo ya wanawake kwa "Miss" au "Mrs", huku wanaume wakiitwa kwa jina la ukoo tupu, mpaka ilipoachwa 2019. Chris Evert, bingwa wa 1981, aliandikwa kwenye ubao wa mabingwa kwa jina la mume wake wa wakati huo, na ubao ukarekebishwa 2022. Kwetu kumwita mtu Mama Neema ni heshima, sitaki kuibeza hata kidogo. Lakini aliyeshika raketi pale chini hakuja kama mama wa fulani wala mke wa fulani. Jina lake kamili, nchi yake, alichoshinda.

"Wanacheza kidogo, kwa hiyo kazi nyepesi"

Kwenye mashindano ya kawaida ya kulipwa, wanawake na wanaume wote hucheza kwa mshindi wa seti mbili kati ya tatu. Tofauti ipo kwenye Grand Slam nne tu, ambako wanaume huhitaji kushinda seti tatu. Na hadhi hii ya tenisi ya wanawake haikuja yenyewe. 1970 wanawake tisa walisaini mikataba ya dola 1 kila mmoja huko Houston ili waanzishe mashindano yao, na Billie Jean King, mmoja wao, akaongoza kuundwa kwa WTA 1973. Mwaka huo huo US Open, mashindano ya Marekani, ikalipa wanawake na wanaume zawadi sawa. Wimbledon ilichelewa hadi 2007.

"Kazi yake ni kuwachangamsha watu"

Mara nyingine, ndiyo. Mara nyingi kazi ni kuwashika. Mchezaji akiumia, daktari akaingia, zile dakika 3 za matibabu si za muziki wa kuruka. Akishindwa kuendelea, usitangaze kwa sababu umemwona analia au anafunga begi. Unasubiri mwamuzi aseme. Mvua ikisimamisha mechi, watu wanataka kujua mambo matatu: imesimama, tutapewa taarifa saa ngapi, na watoto wakajikinge wapi. Sauti ya upole, polepole, mara mbili.

Fainali ya US Open ya 2018 naikumbuka kila ninapowasha maiki. Naomi Osaka alimshinda Serena Williams baada ya Serena kubishana na mwamuzi, na wakati wa kutoa zawadi uwanja mzima ukawa unazomea huku bingwa mpya analia. Aliyewaomba watu waache alikuwa Serena mwenyewe, aliyeshindwa. Kwenye hali ile mwenye kipaza sauti ana sentensi chache sana za kuchagua, na ya kwanza lazima iwe ya kuwalinda waliosimama pale mbele.

Yule kijana nilimpa majina kumi akayafanyie kazi. Usiku wa tatu akanipigia simu, nyuma yake nasikia wanapanga viti vya ukumbi. "Kaka, tisa yamekaa. Huyu Mchina tu, nikimwita naanza na lipi, Zheng au Qinwen?" Nikamwambia aandike yote mawili kwenye karatasi yake na aache nafasi pembeni, ya kuandika atakachojibiwa na mwenye jina.