Ukoga: utando unaokula kila unapokula

Ukiamka asubuhi ukapitisha ulimi juu ya meno, utahisi utando laini unaonata kidogo. Huo ndio ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula tu, kumbe ni bakteria walioshikamana na kujibandika kwenye jino. Nao hula unachokula, hasa sukari.

Wakishakula sukari hutoa asidi. Dakika chache tu zinatosha kushusha pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) juu ya jino, na ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, lile tabaka gumu la nje, huanza kupoteza madini yake ya kalisi na fosfati. Kinga yetu ni mate. Huipunguza asidi nguvu na kuyarudisha madini polepole, kazi inayoweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si unakula sukari kiasi gani tu, bali mara ngapi. Soda moja ukiimaliza wakati wa mlo, jino linashambuliwa mara moja tu. Soda hiyohiyo ukiinywa funda moja moja toka asubuhi hadi mchana, kila funda linaanzisha shambulio jipya kabla mate hayajamaliza kazi. Hili lilidhihirika katika utafiti wa hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, ulioanza mwaka 1945: waliopewa peremende za kunata kati ya milo meno yao yalioza vibaya zaidi kuliko ya waliokula sukari pamoja na mlo. Waliofanyiwa hivyo walikuwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili, wasioombwa ridhaa. Ni haki tulikumbuke hilo kila tunapolitumia somo lao.

Watu wazima wana hatari zao. Fizi zikishuka, mzizi wa jino hubaki wazi, na mzizi hauna enameli. Asidi hafifu tu inauyeyusha. Tena dawa nyingi, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu, mzio na sonona, hukausha mate. Mtu anayehisi kinywa kikavu hufarijika kwa kumung'unya peremende mchana kutwa, na hapo ndipo mizizi inapooza haraka. Maji yangemfaa zaidi, au ubani wa kutafuna usio na sukari, kwa sababu kutafuna huamsha mate.

Vitu vichachu vina habari yake: juisi na soda, hata zisizo na sukari, huja na asidi yake zenyewe bila kuwasubiri bakteria. Ukishakunywa, sukutua kwa maji, usikimbilie mswaki papo hapo, maana enameli imelainika na inaweza kukwanguka. Ngoja walau nusu saa.

Usiku mate hupungua sana. Kinachobaki kwenye meno wakati huo hakina wa kukizuia, kwa hiyo baada ya mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, usile wala kunywa kitu kingine isipokuwa maji.