Kihisi hakioni uvukizi, kinaona kimo cha maji

Dhana: Ukifunga kihisi kwenye beseni, uvukizi unajipima wenyewe.

Beseni la kupimia uvukizi linalotumika sana katika vituo vya hali ya hewa, lile la aina ya A, lina kipenyo cha sentimita 120.7 na kina cha sentimita 25 hivi, nalo hukaa juu ya fremu ya mbao. Iwe ni boya, kihisi cha mgandamizo au kifaa cha mawimbi ya sauti, kinachosomwa ni kimoja: maji yamefika wapi. Ndege akija kunywa na kuoga, naye anaandikwa kuwa uvukizi. Ukiweka wavu kumzuia, wavu wenyewe unapunguza uvukizi.

Mvua nayo ina hesabu yake. Kipima mvua kikisoma milimita 10 na maji ya beseni yakapanda 4 tu, zilizovukizwa ni 6. Hesabu hiyo inafaa kwa manyunyu. Mvua kubwa hurusha maji nje ya beseni, na siku kama hiyo mimi ningeifuta tu.

Dhana: Kusoma kila dakika ni bora kuliko kusoma mara moja kwa siku.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Maji ya kina cha sentimita 20 yakipata joto kutoka nyuzi 15 hadi 30, hutanuka na uso wake kupanda zaidi ya nusu milimita. Basi asubuhi ya jua kali, bila tone la mvua, grafu inaweza kuonyesha maji yakiongezeka! Viwimbi vya upepo hutulizwa na bomba linalozunguka kihisi, lakini kutanuka hakuzuiliwi na bomba. Jumla ya saa 24 ndiyo ya kuaminiwa.

Dhana: Beseni na ziwa hupoteza maji sawa.

La. Kuta za chuma hupashwa jua pembeni. Kupata makadirio ya ziwa kwa mwaka, namba ya beseni huzidishwa kwa 0.7 hivi.

Dhana: Kituo kisicho na beseni hakina takwimu za uvukizi.

Vingi hukokotoa kwa kanuni ya Penman-Monteith, kutokana na joto, unyevu, upepo na mionzi ya jua. Ila jibu lake, kwa kawaida, ni la maji yanayopotea kwenye nyasi fupi zenye maji ya kutosha. Usiliandike safu moja na la beseni.